Msingi Unapotulia na Msingi Unapohama: Maswali Yenu Kuhusu Raga na Muziki wa Pop

Tulipochapisha ukurasa mmoja kuhusu sitari, chombo cha nyuzi cha Kihindi, katika nyimbo za Waingereza za miaka ya 1960, hatukutarajia kupokea barua nyingi kiasi hiki. Nimechagua tano ambazo, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo lile lile: ni nini hasa kinachotokea ndani ya muziki wenyewe pale raga ya Kihindi, yaani namna maalumu ya kuzitembeza noti za lahani, inapokutana na wimbo wa pop? Baadhi ya barua nimezifupisha bila kubadili maana yake.

Swali. *Ndugu mwandishi, mlisema kwamba wimbo wa Beatles uitwao "Norwegian Wood" ndio wa kwanza wa kundi hilo kuwa na sitari, kisha mkaongeza kwamba haustahili kuitwa mchanganyiko wa kweli. Mimi kila nikiusikiliza naisikia India waziwazi. Mlikusudia nini? (Msomaji, Morogoro)*

Jibu. Unachokisikia waziwazi ni chombo, na sauti ya chombo ni jambo moja, muziki wa mahali kilikotoka ni jambo jingine. George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, aliiona sitari kwa karibu mwaka 1965 wakati kundi lake likipiga filamu, akanunua moja dukani London, na Oktoba mwaka huo akaipiga katika wimbo huo bila kuwa amefundishwa na mwalimu yeyote wa Kihindi. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba sitari inarudia lahani ile ile ya gitaa, noti kwa noti, juu ya mwendo wa mapigo matatu-matatu ambao umezoeleka katika nyimbo za kienyeji za Uingereza. Wimbo ukifika katikati unahama kutoka meja, yenye uchangamfu, kwenda maina, yenye huzuni, kama nyimbo nyingi za pop zinavyofanya ili kumwamsha msikilizaji. Ukiiondoa sitari ukaweka fidla mahali pake, wimbo utabaki vile vile. Jambo moja tu linaelekea upande wa India, nalo ni kwamba katika ubeti noti ya saba imeshushwa nusu hatua, na besi karibu haitoki mahali pake. Huo ulikuwa mlango uliofunguliwa kidogo, na pengine Harrison mwenyewe hakujua wakati ule kwamba ameufungua.

Linganisha na "Love You To" ya mwaka uliofuata. Hapa sitari inaanza peke yake bila mapigo yoyote, ikizitembelea noti za skeli moja baada ya nyingine, jambo ambalo wanamuziki wa India huliita alapu. Kisha tabla, yaani ngoma mbili ndogo za Kihindi, inaingia, ikipigwa na Anil Bhagwat, ambaye jina lake liliandikwa kwenye jalada la sahani, heshima ambayo wanamuziki wa kukodiwa hawakuipata mara nyingi. Mwishoni mwendo unaongezeka kasi hadi sauti inapofifia. Hayo yote ni umbo la onyesho la raga, lililobanwa ndani ya dakika tatu. Ni kweli kwamba kibwagizo kinashuka hatua moja chini kisha kinarudi, na gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza linanguruma pembeni, lakini mwenyeji wa nyumba amekwisha kubadilika: sasa pop ndiyo mgeni.

Wimbo ninaoupa nafasi ya kwanza kati ya yote ya miaka ile ni "Within You Without You" wa mwaka 1967. Kufikia hapo Harrison alikuwa amekutana na mpiga sitari mashuhuri wa India, Ravi Shankar, mnamo Juni 1966, na alikuwa amekaa India kwa takriban wiki sita akijifunza. Hakuna hata mmoja kati ya wenzake watatu anayepiga chombo katika wimbo huo. Tanpura, chombo cha nyuzi cha kuvumisha noti za msingi, inavuma tangu mwanzo hadi mwisho. Dilruba, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, inamfuata mwimbaji kama kivuli chake, sawasawa na sarangi, chombo kingine cha upinde, inavyomfuata mwimbaji wa Kihindi wa muziki wa kale. Katikati mapigo yanageuka kuwa matano-matano, na dilruba inaanza kuzungumza na fidla nane na selo tatu ambazo sehemu zao ziliandikwa na George Martin, mtayarishaji wa sahani za Beatles. Tega sikio hapo hasa. Wapigaji hao walikuwa wamefundishwa maisha yao yote kuipata kila noti safi na kuiacha safi, lakini hapa wanalazimika kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama dilruba inavyoteleza. Katika dakika zote tano hakuna mfululizo wa kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Nikisema mchanganyiko wa kweli ndicho ninachokusudia: upande mmoja umekubali kuacha kitu ulichokitegemea, na ulichokiacha kinasikika.

Swali. *Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya, na kwetu wimbo bila sauti nne huonekana haujakamilika. Kwa nini raga haina sauti nne? Na je, raga si skeli tu, yaani do re mi kwa majina mengine? (Msomaji, Nairobi)*

Jibu. Marahaba. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba la kwanza.

Wahindi nao wana majina saba ya noti, sa, re, ga, ma, pa, dha, ni, na mwanakwaya anaweza kuyalinganisha na do, re, mi, fa, so, la, ti bila kupotea sana. Lakini chukua noti tano tu: do, re, mi, so, la. Katika muziki wa kaskazini mwa India noti hizo tano zinatoa raga iitwayo Bhupali, ambayo huimbwa jioni. Noti hizo hizo tano, bila kuongeza wala kupunguza, zinatoa raga nyingine iitwayo Deshkar, ambayo huimbwa asubuhi. Tofauti yake ni kwamba katika Bhupali lahani huegemea mi na kurudi kwake mara kwa mara, ilhali katika Deshkar huegemea la, na njia za kupanda na kushuka si zile zile. Msikilizaji aliyezoea hatazichanganya kamwe. Kwa hiyo skeli ni orodha ya noti, na raga ni tabia ya noti hizo: ipi inakaliwa, ipi inapitiwa haraka, ipi inafikiwa kwa kuteleza, ipi haifikiwi mpaka umepitia kwa jirani yake. Sisi tuna neno letu la kale, mahadhi, ambalo nadhani liko karibu zaidi na raga kuliko neno skeli.

Sasa tuje kwenye sauti nne. Imba mi huku wenzako wakishika do na so, kisha endelea kuishika mi hiyo hiyo huku wao wakihamia la na do. Koo lako halikubadilika hata kidogo, lakini mi yako imebadilika maana. Mwanzoni ilikuwa noti ya kati ya kodi ya meja, yenye uchangamfu, na sasa imekuwa noti ya juu ya kodi ya maina, yenye huzuni. Huu ndio uzuri wa kwaya na ndio uzuri wa pop: lahani inaweza kukaa palepale, na hisia zikabadilika kwa sababu msingi umehama. Katika raga hisia zinatoka kwingine kabisa. Kila noti inapata maana yake kutokana na umbali wake kutoka sa, na ndiyo sababu tanpura inavuma sa na pa bila kukoma, ili umbali huo usisahaulike hata dakika moja. Msikilizaji wa raga ni kama nahodha anayeusoma mnara wa taa usiku. Kila hatua ya chombo chake anaipima kwa taa ile moja, na taa hiyo ikianza kutembea, hesabu yote imeharibika.

Zaidi ya hayo, noti za raga hazisimami wima. Katika raga ya Darbari Kanada, mi iliyoshushwa hupigwa ikitikiswa taratibu, ikipanda na kushuka kidogo kama pumzi. Weka chini yake kodi ya maina ya kinanda, ambayo ina mi iliyoshushwa na kugandishwa mahali pamoja, na noti hizo mbili zitagombana. Katika ugomvi huo kinanda ndicho kitakachoshinda, kwa kuwa kina sauti kubwa, na raga itakuwa imekufa ingawa noti zake zote bado zipo.

Kuna waliotafuta njia ya kuupita ugumu huu, na wa kwanza hawakuwa vijana wa London. Mapema katika karne ya 19, Muthuswami Dikshitar, mmoja wa watunzi watatu wakuu wa muziki wa kusini mwa India, alisikia bendi za Waingereza katika eneo la Madras, akatunga takriban nyimbo 40 za Kisanskriti juu ya tuni za Kizungu, mmojawapo ukiwa juu ya tuni ya wimbo wa taifa wa Uingereza. Alichagua raga ya Shankarabharanam, ambayo noti zake ni zile za skeli ya meja, na aliyaacha karibu mapambo yote ya kuteleza na kutikisa. Nyimbo hizo ni nyepesi kwa makusudi, na hadi leo watoto hujifunzia. Ndugu yake, Baluswami, ndiye anayetajwa kwa kuiingiza fidla katika muziki wa kusini, ambako leo hupigwa mwanamuziki akiwa ameketi chini na kichwa cha chombo kimeegemea mguu wake.

Njia ya pili, ambayo mwanakwaya ataipenda zaidi, ni ya Ilaiyaraaja, mtunzi wa Kitamil aliyeanza na filamu mwaka 1976. Badala ya kuweka kodi chini ya raga, anaandika lahani ya pili, mara nyingi katika besi, inayotembea kwa noti za raga yenyewe na kwa mwendo wake yenyewe. Albamu yake ya mwaka 1986, "How to Name It?", aliitoa kwa heshima ya Tyagaraja, mtunzi mkuu wa kusini mwa India, na Bach, mtunzi wa Kijerumani, kwa pamoja, na chaguo hilo linaeleza mbinu nzima: Bach naye alijenga sauti zake kwa lahani zinazotembea pamoja, na kodi zikazaliwa kutokana na kukutana kwake. Sauti mbili au tatu za namna hiyo zinaweza kuandamana na raga bila kuiua. Sauti nne zilizofungamana kama za kwaya yenu ni nzito mno kwake.

Swali. *Mimi ni mpenzi wa taarab ya hapa kwetu. Wazee wetu walichukua tuni za filamu za Kihindi wakazitilia mashairi ya Kiswahili, wakapiga tabla na harmoniamu. Je, wao hawakufanya mchanganyiko huu kabla ya hao mnaowasifu? (Msomaji, Mombasa)*

Jibu. Nakubaliana nawe kwamba masikio ya pwani yalikuwa tayari zamani. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kampuni ya HMV, na miaka 40 baadaye, Januari 1968, Harrison alirekodi ala za wimbo wake "The Inner Light" katika studio ya HMV ya mji huo huo, akiwa na wanamuziki wa Kihindi. Na yeyote aliyemsikia mwimbaji wa taarab, marehemu Juma Bhalo, anajua kwamba sauti ya mtu wa Mombasa inaweza kuteleza na kuzungusha noti kwa namna ya Kihindi bila kubabaika.

Hata hivyo kiufundi ni safari tofauti. Tuni za filamu zilipowafikia wazee wetu zilikuwa tayari zimekwisha kuchanganywa huko Bombay, ambako watunzi waliandikia raga nyepesi okestra kubwa za fidla, klarineti na gitaa. Taarab ilichukua lahani na kuacha kodi nyingi nyuma, kwa sababu mpigaji wetu wa harmoniamu alimfuata mwimbaji kwa kurudia lahani yake kwa mkono mmoja huku wa pili ukivuta upepo. Matokeo yake ni jambo linalonigusa sana: tuni iliyokuwa imetoka kwenye raga ikavishwa nguo za Kizungu, ilivuliwa nguo hizo ilipofika pwani, ikarudi kuwa lahani moja juu ya mapigo. Sikio lililolelewa na udi, ganuni na makamu, yaani mahadhi, za Kiarabu halikuhitaji kuelezwa kwamba lahani moja inatosha.

Kuhusu harmoniamu yenyewe, inafaa ujue kwamba All India Radio ilikizuia chombo hicho kutoka mwaka 1940 hadi 1971. Kilitoka Ulaya katika karne ya 19, noti zake zimefungwa, na hakiwezi kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine, kwa hiyo walioipinga waliona kwamba kinamfundisha mwimbaji kusahau yale yaliyo kati ya noti. Hoja yao ilikuwa na ukweli, lakini waimbaji wengi wakubwa waliendelea kuitumia majukwaani, na mwimbaji hodari hupita kati ya noti zake kama maji kati ya mawe.

Swali. *Ninapotazama wapiga tabla hufika mahali mapigo yakapotea kabisa, halafu ghafla wote wanakutana kwa kishindo na watu wanapiga makofi. Wanahesabu vipi? Na je, hilo linaingia katika muziki wa pop? (Msomaji, Dodoma)*

Jibu. Mapigo hayakupotea. Mzunguko unaotumika zaidi, tintali, una mapigo 16 yaliyogawanywa manne-manne, na pigo la kwanza, liitwalo samu, ndilo nyumbani kwa kila mtu. Pigo la tisa huachwa wazi kwa kuondoa sauti nzito ya ngoma ya kushoto, ili wote wajue kwamba nusu ya njia imekwisha. Kishindo unachokisikia ni tihai, kifungu kimoja kinachorudiwa mara tatu ili sauti yake ya mwisho kabisa iangukie samu. Jaribu mwenyewe kwa vidole: chukua kifungu cha mapigo matano, pumzika pigo moja, kirudie, pumzika tena pigo moja, kirudie mara ya tatu. Tano na moja na tano na moja na tano ni 17, na pigo la 17 ni samu ya mzunguko unaofuata. Katikati masikio yako yanadhani mpigaji amepotea kwa sababu vifungu vya tano havilingani na vya nne, lakini yeye alijua atakakotua kabla hajaanza.

Kwa kuwa 16 ni nne mara nne, tintali hukaa vizuri juu ya ngoma za pop, na ndiyo sababu upande wa mapigo umeungana kwa urahisi kuliko upande wa noti. Walioufikisha mbali zaidi ni kundi la Shakti katika miaka ya 1970: mpiga gitaa Mwingereza John McLaughlin, L. Shankar wa fidla, Zakir Hussain wa tabla, aliyetutoka Desemba 2024, na Vikku Vinayakram wa ghatam, ambacho ni chungu cha udongo. McLaughlin alitengenezewa gitaa ambalo nafasi kati ya vyuma vya shingoni zilichimbwa, ili aweze kuusukuma uzi kwa kina na kuivuta noti kama mpiga vina, chombo cha nyuzi cha kusini mwa India, anavyofanya, na likaongezewa nyuzi za mwitikio zinazojivumia zenyewe. Kwa mara nyingine, ni upande wa Magharibi uliokwenda kukichonga upya chombo chake. Shakti si pop, bali iko karibu zaidi na jazi, lakini mpiga ngoma yeyote wa bendi atapata darasa la mwaka mzima humo.

Swali. *Napiga kinanda katika bendi ndogo, na tumepata kijana hodari wa tabla. Kinanda changu kina sauti iliyoandikwa "sitar". Tuanzie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Jibu. Usianze na sauti hiyo. Mwaka 1967 kampuni ya Danelectro ilitoa sitari ya umeme yenye jina la Coral, ambayo kwa kweli ni gitaa lenye daraja lililotengenezwa ili nyuzi zikwaruze, na nyimbo nyingi za miaka ile zilipata ladha ya India kwa njia hiyo bila kubadili noti hata moja. Kinanda chako kitakupeleka huko huko. Anza na besi. Chagueni noti tano za Bhupali nilizozitaja juu, mwambie mpiga besi akae kwenye do na so peke yake kwa dakika kumi nzima, na wewe upige lahani kwa mkono mmoja, ukitumia gurudumu la kupinda sauti kila unapopanda kutoka so kwenda la. Mkishaizoea hali hiyo, mpeni mpiga besi ruhusa ya kutembea, lakini ndani ya noti zile tano tu, na msikilize ni mahali gani mi inaanza kubadilika maana. Hapo mtaamua wenyewe kama mnataka ibadilike.

Jambo la mwisho ni lile linalozivuruga bendi nyingi. Tabla ya kulia hutuniwa kwenye noti maalumu, kwa kawaida sa ya wimbo, na haiwezi kupandishwa wala kushushwa sana. Kwa hiyo ule mtindo wa kupandisha ufunguo katika ubeti wa mwisho utamwacha kijana wenu akipiga noti ya ufunguo wa zamani. Kabla ya kuchagua ufunguo, muulize tabla yake iko noti gani, na mpe nafasi ya kutosha ya kuigonga kwa nyundo yake ndogo hadi ilingane na kinanda chako.